Gari Lako: Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina Toyota IST niliyoiagiza Japani, na huiendesha kila siku kutoka Mbezi hadi Posta. Kila baada ya siku chache mhudumu wa kituo cha mafuta hufungua boneti, huniambia kwamba maji yamepungua, kisha huongeza ya bomba. Fundi wa mtaani kwetu amenishauri tuondoe thermostati ili injini isichemke. Je, nikubali? Na ni mambo gani ninayoweza kuyakagua mwenyewe?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Usikubali. Mfumo wa kupoza injini umefungwa: maji yakipata moto hutanuka na kuingia katika kichupa cha akiba, na injini ikipoa hurudi katika rejeta, kwa hiyo kichupa hicho kinapaswa kuonyesha karibu kiwango kilekile asubuhi hadi asubuhi kwa miezi mingi. Kiwango kikishuka kila wiki kuna mahali panapovuja, na anayeongeza maji bila kupatafuta anakufichia ugonjwa.

Fanya ukaguzi asubuhi kabla ya kuwasha gari, likiwa limesimama mahali tambarare. Tazama kwanza kichupa cha akiba, ambacho kina alama ya chini na ya juu, kisha fungua mfuniko wa rejeta uone kama maji yamefika mdomoni. Mfuniko huo usiufungue kamwe injini ikiwa ya moto, kwa sababu kazi yake ni kuyashikilia maji chini ya shinikizo ili yasichemke hata yanapovuka nyuzi 100 za Selsiasi; ukiulegeza, shinikizo huondoka, na maji hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Kagua pia raba iliyo chini ya mfuniko, maana ikipasuka maji hupotea hata kama rejeta ni nzima, na mfuniko mpya ni wa bei ndogo sana ukilinganisha na injini.

Baada ya hapo fuata njia ya maji: mipira ya juu na ya chini ya rejeta, viungio vyake na eneo la pampu. Tafuta madoa meupe au ya waridi yaliyokauka, kwa kuwa tundu dogo huweza kuvuja injini ikiwa ya moto tu, na maji yakakauka kabla hayajadondoka chini. Gusa zulia la abiria wa mbele. Likiwa na unyevu wenye harufu tamu, huenda kirejeta cha hita kilicho ndani ya dashibodi kimetoboka. Mwisho chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa huonyesha kwamba maji yanaingia ndani ya injini, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi, yaani kizibio kilicho chini ya kichwa cha injini, na gari la namna hiyo haliendeshwi hadi gereji bali huvutwa.

Thermostati ni vali inayoanza kufunguka maji yakifika takriban nyuzi 80, ili injini ipate haraka joto lake la kufanyia kazi. Ikiondolewa, injini hukaa baridi kupita kiasi, na kompyuta ya gari huendelea kuongeza petroli kana kwamba ndiyo kwanza umeiwasha, nawe ndiye unayeilipia. Iliyokwama hubadilishwa kwa nyingine. Ninavyosoma barua yako, hata hivyo, shida ni maji yanayopotea, na kuondoa thermostati hakuzibi tundu lolote.

Maji ya bomba, na zaidi yale ya visima vya chumvi ambavyo wakazi wa Dar es Salaam tunavijua vizuri, huacha ukoko na kutu ndani ya rejeta. Tumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupoza injini, ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari, wala usichague kwa rangi peke yake. Ukikwama njiani, maji safi yatakufikisha, ila mweleze fundi ili ausafishe mfumo baadaye. Fahamu pia kwamba magari mengi madogo ya Kijapani hayana mshale wa joto: taa ya bluu humaanisha kwamba injini bado ni baridi, nyekundu kwamba joto limezidi. Ukiiona nyekundu, egesha mahali salama na uzime injini.

SWALI: Salamu kutoka Mombasa. Kila nikijaza upepo huulizwa, “Nikuwekee ngapi?” nami hujibu 35 kwa mazoea tu. Kiwango sahihi nitakijuaje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Fungua mlango wa dereva utazame nguzo yake, hapo pana kibandiko chenye kiwango cha matairi ya mbele na ya nyuma. Kwa magari ya Japani huandikwa kwa kilopaskali, basi gawanya kwa 6.9 upate PSI, kipimo cha hiyo 35 yako: 220 ni karibu 32. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, si kiwango cha kujaza. Pima matairi yakiwa baridi, wala usipunguze upepo ulioongezeka kwa joto la safari.

Ukiwa umeinama hapo, soma ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT. Tairi lenye 3518 lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018. Msomaji anayenunua matairi yaliyotumika asidanganywe na kashata nzito, yaani meno ya tairi yaliyo manene, kwani raba huzeeka hata ikikaa ghalani, na nyufa ndogo ubavuni ndizo zinazopasukia barabara ya Nairobi wakati wa jua kali. Tairi lililolika kingo zote mbili limetembea na upepo mdogo. Lililolika katikati, upepo mwingi. Lililolika upande mmoja, peleka gari likapimwe mlingano wa magurudumu.

SWALI: Mafuta ya breki yamepungua kidogo. Naweza kuongeza mwenyewe?
Msomaji, Arusha

JIBU: Unaweza, ila kagua pedi kwanza. Kadiri zinavyolika ndivyo mafuta yanavyoshuka, na ukijaza leo, siku utakapofunga pedi mpya yatafurika. Pedi zikiwa nene na mafuta yanashuka, yanavuja, na gari hilo lisiende safari. Aina imeandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4, na chupa iliyokaa wazi isitumike kwa sababu mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa.

SWALI: Oili yangu imekuwa nyeusi. Imekwisha kazi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Weusi peke yake si ushahidi, oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi mapema sana baada ya kubadilishwa. Fuata kilomita zilizoandikwa katika kitabu cha gari, na kila wiki pima kwa kijiti, injini ikiwa imezimwa. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo, ngoja dakika chache, kisha pima tena, kwa kuwa oili iliyovuka alama ya juu hupigwa na kranki, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, ikatoa povu, na povu halilainishi chuma.