Vidoti vyekundu na bluu kwenye picha za nyota, hasa sehemu za joto

Kaka hivyo vidoti vyekundu na bluu kwenye picha zako za nyota ulizopiga kule Magadi siyo kamera mbovu, ni joto la sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachonasa mwanga, kila ikipanda nyuzi kama 6 hivi ule umeme unaovuja ndani yake unakaribia kuwa mara mbili, na kule hata saa nne usiku bado kunachoma. Ukishapata fokasi zima skrini ya nyuma, kama inafunguka ivute ikae mbali na bodi, halafu ipe sensa sekunde 20 au 30 za kupumzika kati ya picha na picha. Ila dawa yenyewe ni picha za giza: funika lenzi, piga kama 20 palepale usiku uleule, ISO (ile namba ya wepesi wa kamera kunasa mwanga) ileile, sekunde zilezile, maana ukizipiga kesho nyumbani chini ya feni joto halilingani na hazitaondoa vidoti. DeepSkyStacker, programu ya kompyuta ya kuunganisha picha za nyota, ni ya bure, itatumia hizo picha za giza kuvitoa vidoti yenyewe. Na tafadhali sana usiiweke kamera kwenye kuleboksi ya barafu kabla ya kupiga, ukiitoa tu inatoa jasho mpaka kwenye vioo vya lenzi.