Barabara ya mzunguko inamsaidia nani?

SWALI: Habari mhariri. Kila mji mkubwa siku hizi unataka barabara ya mzunguko, ile inayouzunguka mji, eti foleni iishe. Mimi sina gari, napanda basi na kutembea, hivi inanisaidia chochote kweli au ni ya wenye magari tu?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, asante kwa swali. Faida ipo, malori yaliyokuwa yanakatiza katikati ya mji yanapita pembeni, hapo hata wewe wa basi unapumua. Ila haigawanywi sawa hata kidogo. Barabara ikishafunguliwa, pale kwenye makutano yake yanaanza kuota maghala, viwanda na maduka makubwa yenye paking, na ajira zinahamia hukohuko, wakati mabasi ya miji mingi yanaingia katikati na kutoka tu, hakuna la kuzunguka pembeni, kwa hiyo wewe inabidi uingie mjini kwanza ndo utoke tena na nauli mara mbili, mwenzako wa gari kashafika zamani.

Halafu kuna kuvuka, na hapa ndo naumia zaidi. Mama ana mtoto mgonjwa mgongoni, zahanati anaiona kabisa ng'ambo, lakini kivuko kiko mbali na akifika anakuta ngazi tupu, wa kiti cha magurudumu ndo hawezi kabisa. Birmingham kule Uingereza walimaliza barabara yao ya mzunguko wa ndani 1971, waenda kwa miguu wakapitishwa chini ya ardhi, baadaye ikabidi sehemu yake ibomolewe maana iliukaba mji. Paris nayo ina ya kilomita 35, ilikamilika 1973, mpaka leo inautenga mji na vitongoji vyake, na 2024 walishusha spidi kutoka kilomita 70 hadi 50 kwa saa ili wanaoishi kandokando wapunguziwe kelele na moshi.

Na foleni yenyewe haiishi. M25, barabara ya mzunguko ya London, ilikamilika 1986, km 188, ikajaa, wakaipanua, ikajaa tena, kwa sababu njia ikiwa nyepesi watu wanahamia mbali na kuendesha zaidi.

Kwa hiyo mkiitwa kwenye mkutano wa mradi nendeni, ulizeni basi la kuzunguka litaanza lini, vivuko viko wapi kwenye mchoro, wanaobomolewa nyumba wanalipwa kabla au baada. Mkiambiwa vivuko ni awamu ya pili kataeni, viingie kwenye mkataba huuhuu wa kwanza.