Jibu la msomaji: Kona isiyofungashwa jioni

Swali la wiki hii: msanii anayeanza maisha na mwenzake katika nyumba yao ya kwanza afanye nini ili nyumba hiyo impe furaha na mawazo ya kazi? Namjibu mchoraji wa Tingatinga, mtindo wa picha za rangi kali za wanyama na ndege, aliyepanga chumba na sebule Dar es Salaam.

Kubwa kuliko yote ni kona ya sebule isiyofungashwa jioni. Mita moja na nusu kwa mbili zinatosha. Picha ambayo haijaisha ikibaki wazi, macho huipitia wakati wa kula, wa kufagia, wa kutoka kuoga. Mkia wa ndege uliopinda utauona wewe ukiwa umeshika kikombe cha chai, si ukiwa umeinamia brashi. Mwenzako naye huizoea, siku moja akasema, "Huyu chui mbona kama analia?" Jicho hilo la pembeni ni mali. Kubalianeni mipaka ya kona kabla kochi halijaingia, maana kochi likitangulia mchoraji huishia barazani.

Vitabu vingi husifu dirisha la kaskazini, lakini huo ni ushauri wa Ulaya. Dar es Salaam iko takriban digrii 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana hupita kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo lenye mwanga uliotulia. La magharibi liepuke: jua la jioni hufifisha njano, na asubuhi unakuta umeizidisha.

Rangi ya mafuta hukauka kuanzia juu. Ukipaka mkono wa pili wakati ule wa chini bado ni laini, uso hukunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Ipe kila tabaka siku nzima, na wakati wa masika hata mbili. Piga deki kwanza, zima feni, ndipo ufungue kopo. Vumbi likishanata kwenye rangi mbichi halitoki. Kitambaa cha picha kilichokauka usikibandike ukutani moja kwa moja. Acha nafasi ya vidole viwili nyuma yake, la sivyo ukuta wenye unyevu utakiotesha ukungu.

Hapa naomba msipuuze: picha mbichi isilale chumbani mnamolala, hasa kama kuna mjamzito au mtoto. Nunua rangi iliyoandikwa kwamba haina madini ya risasi. Tina, yaani kiyeyusho cha rangi, ikae mbali na jiko la gesi au la mkaa. Matambara yenye mafuta yasirundikwe, kwani yanapokauka hutoa joto na yanaweza kuwaka yenyewe. Yaloweke kwenye kopo la maji lenye mfuniko.

Mawazo ya kazi yamo humo humo ndani. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huu, alichora juu ya hadibodi, ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, nayo bado inafaa: ubao mmoja wa futi 4 kwa 8 hutoa vipande 32 vya futi moja kwa moja. Kila wiki chukua kimoja, uchore kitu cha nyumbani kama kilivyo saa hiyo: kanga ya mwenzako kwenye kamba, sufuria lililogeuzwa, kivuli cha nondo za dirisha saa kumi alasiri. Nyuma andika tarehe, na mwenzako achague kipi kitundikwe juu ya mlango.