Anaamka usiku mara tano, nikadhani kaoa

*Shangazi, assalaam alaykum. Bwana wangu ana miaka 64, tunakaa Wete, Pemba. Tangu Ramadhani anaamka usiku mara nne, mara tano, na akiingia msalani hatoki. Sasa kahamia kulala ukumbini. Nikadhani kaoa, anazungumza na mwenzangu kwenye simu. Usiku mmoja nikamfuata hadi mlango wa choo, nikamsikia anajikamua na mkojo unadondoka tone tone. Nilipomuuliza alikasirika, akasema ni uzee. Nduguye anamletea dawa za miti. Hata msikitini haendi tena. Hospitali hataki kuisikia. Nifanye nini?*

Waalaykumu ssalaam, bibie. La mke mwenza liweke kando. Mwenye mke wa pili haendi kumficha chooni. Bwana wako kahama kitanda kwa haya. Hataki kukuamsha, na hataki uone kikoi kimerowa. Basi wacha kupekua simu.

Kwa umri wake na kwa ulivyoeleza, wa kwanza kushukiwa ni tezi dume. Iko chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Umri unavyokwenda tezi hii hukua. Wanaume wa miaka hamsini na kitu, karibu nusu yao imeshaanza kutanuka, ingawa si wote wanaosumbuka. Ikikua inaibana njia: mkojo unachelewa kuanza, unatoka mwembamba, unakatika, na mtu akimaliza anahisi bado. Kutanuka huku si saratani wala hakugeuki kuwa saratani. Lakini saratani ya tezi hiyohiyo inaweza kuwepo kimya kimya, ndiyo maana neno "uzee" halitoshi mpaka apimwe.

Tena si lazima iwe tezi. Kuna maambukizi ya mkojo, sukari, mawe, na njia iliyosinyaa kwa kisonono cha ujanani (hilo usimuulize wewe, muachie daktari). Na sisi wa visiwani tunakijua kichocho. Kama utotoni alikuwa akioga mitoni, au sasa anaona damu kwenye mkojo, aseme mapema. Damu haisubiriwi.

Leo hii kusanya dawa zake zote, hata vile vidonge vya kwenye kikaratasi kisicho na jina. Hasa tafuta vya mafua. Vingi vina dawa ya kuzibua pua au ya kukausha kamasi, na hizo humzidishia kubanwa mwenye tezi iliyotanuka; wako wanaofungwa mkojo kabisa kwa vidonge vya mafua tu. Kama anameza kidonge cha presha cha kukojoza, na anakimeza jioni, amuulize daktari kama anaweza kukihamishia asubuhi. Asikiache mwenyewe.

Sasa hili lishike. Siku mkojo ukikataa kutoka kabisa, na tumbo chini ya kitovu likawa gumu na linauma, msingoje asubuhi. Mtafutieni gari usiku huohuo, na asinywe maji mengi eti yausukume. Hospitalini watamtia mpira wa kutolea mkojo, na ndani ya dakika chache atapumua. Mkikaa nyumbani, mkojo unaorudi nyuma unaharibu figo. Homa yenye kutetemeka nayo haingoji.

Kumshawishi ndiyo kazi. Usimseme mbele ya watoto, wala usimtume mwanawe wa kike. Mtafute rafiki yake wa barazani. Nakuhakikishia pale kwenye kahawa hakukosekani mzee anayemeza vidonge vya tezi kwa siri. Mwanamume huyo akimwambia "hata mimi", kazi yako imepungua nusu. Anachokiogopa zaidi ni kidole cha daktari, kinachopitishwa njia ya haja kubwa kuipapasa tezi. Kweli kipo, lakini ni cha dakika moja, na mara nyingi wanaanza na mkojo, damu na altrasaundi.

Akiandikiwa tamsulosin, inalegeza misuli ya njia na mara nyingi nafuu huonekana ndani ya siku au wiki chache. Inaweza kumtia kizunguzungu, kwa hiyo akiamka usiku akae kwanza kitandani ndipo asimame. Finasteride inapunguza tezi yenyewe, ila inataka kama miezi sita, na wengi wanaitupa wiki ya tatu wakisema haifai kitu. Dawa zikishindwa kuna upasuaji unaopitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Kwa huo huenda akavushwa Unguja. Nakwambia wewe kwa kuwa yeye hatolitamka: baada ya upasuaji huo wengi nguvu zao za kiume hubaki, ila manii huweza kurudi kibofuni badala ya kutoka.

Nyumbani, kahawa ya baada ya Isha aiache. Maji apunguze saa mbili kabla ya kulala, si mchana kutwa. Akimaliza haja asubiri kidogo, kisha ajaribu tena bila kujikamua. Na asikae na choo kigumu, nacho kinabana.

Kuhusu msikiti, naona hapa ndipo panapomuuma kuliko kote. Mwenye kudondokwa na mkojo usiokatika ana ruhusa yake katika fiqhi: anajisafisha, anajifunga kitambaa, anatia udhu wakati wa sala ukishaingia, kisha anasali hata kama tone litatoka. Amuulize imamu wa mtaani kwenu, atamwelekeza vizuri. Si yeye wa mwanzo kumuuliza.

Na dawa ya miti ya shemegi yako sikwambii uimwage, mtakosana bure. Mwambie bwana asiendelee kuinywa kwa sasa, uitie kwenye mfuko mmoja na vidonge vyake, na Jumatatu mfuko wote uwe juu ya meza ya daktari.