Kabla hujasaini operesheni ya tezi dume, uliza habari ya mishipa

Jana usiku msomaji wa miaka 54 kanitumia meseji, kapangiwa operesheni ya kansa ya tezi dume wiki ijayo, swali lake moja tu: "Kaka, nitabaki mwanaume?" Nikaisoma mara tatu, nikazima simu. Hilo swali mimi sikuuliza. Niliona aibu, nesi alikuwa kasimama pale na faili, umri wa binti yangu, nikasaini fasta nikijifanya jasiri.

Mpira wa mkojo, pampers, yote hayo yalipita. Kilichoniuma ni chumbani, miezi inaenda kimya, mke wangu hasemi kitu na mimi ndo namkasirikia yeye eti kwa nini hasemi. Niliporudi kwa dokta akanijibu kwa mkato kwamba mishipa ya fahamu "iliguswa". Mishipa gani tena? Ndo kwanza naisikia, na nishakatwa!

Nikasoma kama nina mtihani. Kumbe ubavuni mwa tezi, kwa nyuma, kulia na kushoto, kunapita nyuzi nyembamba za fahamu zilizojichanganya na vimishipa vya damu, zikitokea kwenye mtandao wa fahamu wa nyonga. Zilizoanzia chini kabisa ya uti wa mgongo, sehemu madaktari wanayoiita S2 hadi S4, ndo zinasimamisha uume. Nyingine zinashuka kutoka juu zaidi, hizo zinaibana tezi wakati wa kumwaga na kufunga shingo ya kibofu shahawa zisirudi nyuma. Ndo maana hata vidonge vya tezi iliyovimba kama tamsulosin, vinavyolegeza misuli hiyo hiyo, vinaweza kukuacha humwagi kitu.

Mwaka 1981 daktari mpasuaji Patrick Walsh wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, alikuwa Leiden, Uholanzi, na daktari mwenzake, mzee Pieter Donker, wakazifuatilia nyuzi hizo kwenye mwili wa kichanga aliyekufa, maana humo zinaonekana vizuri kuliko kwa mtu mzima. Aprili 1982 Walsh akafanya operesheni ya kuziacha kwa makusudi. 1982 jamani! Mimi nimekatwa juzi tu na hakuna aliyenitajia.

Kwa hiyo ndugu zangu ulizeni. Kansa imezikaribia? Zitaachwa pande zote au upande mmoja? Ikishazifikia inabidi zitolewe, uhai kwanza, ila uambiwe kabla, sio baada. Na hata zikiachwa zinazubaa, inaweza kuchukua hadi miaka 2 kuamka, usimfokee mkeo mwezi wa tatu kama nilivyofanya mimi mpumbavu. Ulizeni, narudia, aibu yako dokta haimhusu.

Yule wa jana kanijibu asubuhi. Hajasaini, anarudi Alhamisi na mkewe, na mkewe ndo kaandika maswali, yako tisa.