Jibu: Safari ya meli kwa mama anayetumia kiti cha magurudumu

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba mama anatumia kiti cha magurudumu cha umeme, na kwamba umekwama katika kumchagulia chumba melini. Mimi ningeanza na bandari kabla ya chumba, kwa kuwa mahali ambapo meli hutia nanga mbali na nchi kavu, kama visiwa vya Santorini (Ugiriki) au Grand Cayman (Karibi), abiria hushushwa kwa mashua, na kiti kizito cha umeme mara nyingi hakipokelewi humo. Nilipomsindikiza dada yangu hatukuuliza jambo hilo, naye akabaki melini siku mbili akiutazama mji kwa mbali, iliniuma sana. Mwombe wakala akuonyeshe ni bandari zipi ambazo meli itafunga gatini.

Kisha pima upana wa kiti chenyewe, magurudumu yakiwemo, kwa sababu mlango wa chumba cha kawaida ni mwembamba, ilhali ule wa chumba cha watu wenye ulemavu hukaribia sentimita 81. Vyumba hivyo ni vichache, basi wahi. Uzito wa kiti na aina ya betri uvitaje mapema kwa kampuni ya meli, na jibu lao ulipate kwa maandishi.