Maswali Yenu: Chaneli Zimebaki na Majina Tu

Nilipoandika kwamba MTV ya Marekani, iliyoanza kama chaneli ya video za muziki, imekuwa ikijaza saa nyingi za siku kwa marudio ya Ridiculousness, kipindi cha kuchekea video za watu wanaoteleza na kuanguka, sikujua nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika. Wapo wanaoomboleza chaneli zao za zamani za kebo, wapo wanaonishauri niache uzee. Nimechagua chache, nyingine nimezifupisha.

Hivi MTV iliacha muziki lini? Kaka yangu anasema Jersey Shore, kile kipindi cha vijana wanaoponda raha ufukweni, ndiyo iliyoiharibu, mimi nasema ilikufa zamani.

Umemshinda kaka yako. Jersey Shore ilikuja Desemba 2009, na kufikia hapo video za muziki zilikuwa zimeshasukumiwa saa za alfajiri, watu wamelala. Mlango ulifunguliwa 1992 na The Real World: vijana saba waliwekwa nyumba moja New York, kamera zikawafuata hadi jikoni. Waandaaji wake, Mary-Ellis Bunim na Jonathan Murray, walianza na wazo la tamthilia ya kuandikwa. Gharama ya waandishi na waigizaji ilipoonekana kubwa, wakachukua watu wa kawaida na kuwaacha wagombane wenyewe.

Kabla ya hapo biashara ilikuwa tamu. Tangu tarehe 1 Agosti 1981, chaneli ilipofungua kwa "Video Killed the Radio Star" ya The Buggles, kampuni za muziki zilikuwa zikileta video bila malipo ili nyimbo zao ziuzike, na chaneli inauza matangazo katikati. Ila mtazamaji wa video za muziki hana subira. Ukiingia wimbo asioupenda, keshashika rimoti. Anayenunua tangazo anataka mtu aliyetulia, na ugomvi wa vijana saba ulimtuliza mtu nusu saa nzima, wiki inayofuata akarudi kuona nani kahama. Kipindi cha TRL (Total Request Live), cha video zinazoombwa na watazamaji, kiliuhuisha muziki kuanzia 1998 hadi 2008, ingawa hata humo video zilikuwa zikikatwa vipande ili tuwaone mashabiki wanavyopiga kelele. Mwaka 2010 maneno "Music Television" yakaondolewa kwenye nembo. Angalau hapo walisema kweli.

Mbona chaneli zote sasa zinafanana? Nikibonyeza rimoti naona watu wanauza vitu chakavu, wanabomoa jikoni au wanarushiana maneno.

Fuata pesa, ndugu yangu. Chaneli ya kebo Marekani ina mifuko miwili. Wa kwanza ni ada: kila kaya inapolipia kifurushi, sehemu ya pesa hiyo hugawiwa chaneli zilizomo. Nyingi hupata senti tu kwa mwezi kwa kila kaya, ESPN, ile ya michezo, hupata dola kadhaa, na zote hulipwa uzitazame usizitazame. Mfuko wa pili ni matangazo ya biashara.

Ada ya kifurushi hupangwa kwa mkataba wa miaka kadhaa. Ukishasainiwa, mfuko unaobaki wa kuhangaikiwa ni huo wa pili, na wanunuzi wa matangazo kwa miaka mingi wamekuwa wakiwinda kundi lilelile, watu wa umri wa miaka 18 hadi 49. Kwa hiyo chaneli ya historia, ya sanaa, ya wanyama na ya muziki wa country zote zinamkimbilia mtu mmoja, na zinakutana mlangoni kwake zimebeba bidhaa ileile.

Usisahau pia kwamba wenye chaneli ni wachache. A&E na History ni za kampuni moja. Discovery, TLC na Animal Planet zina mwenye mmoja. MTV na VH1 hali kadhalika. Kikifaulu huku kinaigwa kule kabla msimu haujaisha. Na vipindi hivi vya maisha halisi ni nafuu, havihitaji waigizaji wakubwa wala chumba kizima cha waandishi. Mgomo wa waandishi wa Hollywood, ulioanza Novemba 2007 na kwisha Februari 2008, uliwazidishia tamaa wakubwa wa televisheni ambao tayari walikuwa wanaipenda njia hiyo.

Kuna jambo wengi hawalioni. Kwa mtazamo wangu, ile ada ya lazima ndiyo iliyowapa ujasiri wa kuhama. Miaka ya 1980 na 1990 nafasi kwenye waya zilikuwa chache, kampuni ya kebo ikitaka chaneli moja ya habari, moja ya hali ya hewa, moja ya watoto. Ukijitambulisha kuwa wewe ndiye wa sanaa, unapewa kiti. Ukishakalia kiti hicho, si rahisi kuinuliwa, hata kama sanaa yenyewe umeshaitupa. Mtazamaji aliyekasirika hakuweza kuacha kulipia chaneli moja. Ilimbidi avunje kifurushi kizima, akose na mpira.

Eti TLC ilianzishwa na NASA? Mume wangu anabisha.

Mama, mwambie atoe alichoweka rehani. Asili yake ni mradi wa elimu kwa njia ya setilaiti wa mwaka 1972, wa NASA na wizara ya serikali ya Marekani iliyokuwa ikishughulikia afya, elimu na ustawi, uliolenga watu wa milima ya Appalachia. Mwaka 1980 ikaitwa The Learning Channel, mwaka 1991 Discovery wakainunua, baadaye zikabaki herufi tatu tu. Mwaka 2012 ikatuletea Here Comes Honey Boo Boo, maisha ya familia ya mtoto wa mashindano ya urembo. Siongezi neno.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nieleze bila kupaka mafuta: chaneli ya History ilifikaje kwenye viumbe wa anga za juu?

Kwa hatua, mwalimu. Ilianza Januari 1995, na miaka ya mwanzo ilijaa Vita Kuu ya Pili kiasi kwamba watazamaji waliitania kuwa chaneli ya Hitler. Hivyo hata huo "wakati mzuri" tunaoulilia haukuwa historia ya dunia nzima. Ulikuwa vifaru na ndege za kivita, tena na tena. Mwaka 2007 wakaja madereva wa malori juu ya barafu, Ice Road Truckers. Mwaka 2009 likaja duka la rehani la Las Vegas, Pawn Stars, kikawa miongoni mwa vipindi vilivyotazamwa sana kwenye kebo. Ancient Aliens ikafuata.

Mimi natenganisha. Dereva wa lori hajidai kuwa profesa. Duka la rehani lina historia kidogo, mtu analeta upanga wa kale, anaitwa mtaalamu, unajifunza kitu. Lakini kipindi kinachouliza kwa sauti nzito iwapo wageni kutoka sayari nyingine walisaidia kujenga piramidi, kikivaa nguo zilezile za makala ya kitaalamu, kinakula heshima iliyojengwa na wengine. Tena kinawapokonya Wamisri wa kale kazi ya mikono yao. Wanafunzi wako wakikuuliza, waambie majina ya mafundi hatuna yote, lakini makaburi na vijiji vya wajenzi vimefukuliwa pale Giza.

Ukitaka kujua kwa nini hawajali hasira zetu, tazama ndugu yake History. A&E ilizaliwa 1984, herufi zake zikimaanisha sanaa na burudani. Agosti 2013 msimu mpya wa Duck Dynasty, familia ya watengeneza filimbi za kuwindia bata, ulifunguliwa na watazamaji milioni 11.8. Opera ingewapata wapi?

Kama wameacha kazi, si wabadili jina?

Wengine wamebadili, tena mara nyingi. The Nashville Network ilianza 1983 na muziki wa country, mwaka 2000 ikawa The National Network, 2003 ikawa Spike TV ya wanaume (mwongozaji Spike Lee akawapeleka mahakamani kwa ajili ya jina hilo, wakamalizana), na 2018 ikawa Paramount Network. Majina manne, na mtu wa country hakuambiwa ahamie wapi. Sci Fi Channel, chaneli ya hadithi za kubuni za kisayansi, iligeuka Syfy mwaka 2009, kwa sababu mojawapo kwamba jina la kawaida kama lile halisajiliki kuwa mali ya kampuni, na mashabiki wakachukia tahajia kuliko walivyochukia mieleka iliyoingizwa humo 2006.

Ninayoipenda zaidi ni ile iliyoanzishwa na mhubiri Pat Robertson. Alipoiuza, mkataba ulibana kwamba kipindi chake cha dini, The 700 Club, kiendelee kurushwa. Chaneli ikapita mikono, ikawa ABC Family, mwaka 2016 ikawa Freeform ya vijana, na The 700 Club kimeendelea kukaa katikati ya tamthilia za mapenzi. Huyo mzee alijua kusoma mkataba.

Je, kulalamika kunasaidia, au tunapoteza mate tu?

Mara nyingi ni mate. Mara chache yanalowesha mtu.

Mfano wenye nguvu ni The Weather Channel. Ilianza Mei 1982 kwa kazi moja, hali ya hewa saa 24, kisha ikaanza kujaza vipindi vya maisha halisi. Januari 2014 kampuni ya dishi ya DirecTV, yenye wateja takriban milioni 20 Marekani, iliiondoa. Ugomvi ulikuwa wa ada, tusidanganyane, lakini DirecTV ilishika malalamiko ya wateja kuwa rungu lake: mnataka mlipwe kama huduma ya lazima, mbona hamrushi mvua wala upepo? Chaneli iliporudi Aprili ilikuwa imekubali kupunguza vipindi hivyo kwa nusu katika siku za kazi. Malalamiko yaleyale yalikuwa yamekaa miaka bila kusikilizwa. Yalisikilizwa yalipoingia mdomoni mwa anayesaini hundi.

Cartoon Network nayo ilijaribu mwaka 2009 kuweka vipindi vya watu halisi chini ya jina CN Real. Watoto na wakubwa wakaja juu, na zaidi ya hapo hawakutazama. Jina hilo likatoweka upesi.

Discovery ndiyo inayokatisha tamaa. Agosti 2013, katika wiki yake maarufu ya papa, ilirusha Megalodon: The Monster Shark Lives, ikidai papa mkubwa aliyetoweka mamilioni ya miaka iliyopita huenda bado yupo. "Wanasayansi" waliooneshwa walikuwa waigizaji, na maandishi ya kutahadharisha yalipita haraka. Watazamaji waliwaka moto, wataalamu halisi wa bahari wakakasirika. Lakini watu milioni 4.8 walikuwa wametazama, na mwaka 2014 papa huyohuyo akaletewa sehemu ya pili! Mapema 2015 ndipo mkuu mpya wa chaneli, Rich Ross, aliposema mambo hayo basi. Animal Planet ilikuwa imefanya hivyohivyo na nguva wa hadithi, nusu mtu nusu samaki, mwaka 2012, hadi NOAA, idara ya bahari na anga ya Marekani, ikalazimika kutoa tamko kwamba hakuna ushahidi wa kuwapo kwa nguva. Idara ya serikali, jamani, kukanusha nguva.

Kwa hiyo andika, lakini zima kwanza. Anayetazama ili apate cha kutukana anahesabiwa sawa na anayependa.

Acha uzee. Kubadilika ni afya. Bila kuhama, AMC isingetupa tamthilia ya Breaking Bad.

Nakubali, na siyo kwa shingo upande. AMC ilianza 1984 kwa filamu za kale bila matangazo. Mwaka 2002 ikaingiza matangazo, wapenzi wa filamu za rangi nyeusi na nyeupe wakalia. Kisha Mad Men 2007, Breaking Bad 2008, The Walking Dead 2010. Huo ni mfululizo wa kuonewa wivu. Wala aliyehamwa hakuachwa yatima, kwa kuwa chaneli ya TCM ilikuwa hewani tangu Aprili 1994 ikifanya kazi hiyohiyo ya filamu za kale, na haikatizi filamu kwa matangazo ya biashara.

Bravo haina utetezi huo. Ilianza 1980 na filamu na sanaa za jukwaani, tangu 2006 ni ufalme wa The Real Housewives, vipindi vya maisha ya wake wenye fedha, na aliyependa ngoma za balei hakupewa TCM yake. Sipingi wake wale kugombana, wanagombana kwa ustadi. Nauliza tu kilichowekwa mahali pa kilichotolewa.

Kuna chaneli iliyowahi kurudi kwenye asili yake?

Court TV, kwa namna yake. Ilirusha kesi mahakamani, Januari 2008 ikageuzwa truTV, na mwaka 2019 mmiliki mwingine akalifufua jina na kesi zake. truTV haikurudi.

Nimeshakata kebo. Haya yananihusu nini tena?

Yanakuhusu ukifungua huduma za bure za intaneti zenye matangazo, mfano Pluto TV, ambayo tangu 2019 ni mali ya kampuni ileile ya MTV. Humo utakuta chaneli finyu kuliko zilizowahi kuwapo kwenye kebo, nyingine zikirusha kipindi kimoja usiku na mchana. Hazina haja ya kugombea kiti kwenye waya, wala hazina ada ya kaya zisizozitazama. Ubaya wake ni kwamba nyingi zinaishi kwa marudio. Mfuko wa ada, ule uliokuwa ukilipia chaneli zilizoacha kazi, ndio pia uliolipia makala mpya za vita, za wanyama na za anga, na kila anayekata kebo anautoboa kidogo. Hata hivyo sitakushauri urudi. Kama ni filamu za kale unatafuta, uliza kwanza kama TCM inapatikana bila kununua kifurushi kikubwa, maana baadhi ya kampuni zimeihamishia kwenye vifurushi vya bei ya juu.